Shangazi, bila kibanio changu siwezi kuingia jukwaani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mcheza baleti, ndiyo kazi inayonilisha. Miaka yote nimekuwa kwenye kundi la nyuma, wale wasichana wa mistari ambao mtazamaji hamtofautishi huyu na yule. Msimu huu nimepewa nafasi ya peke yangu: Myrtha, malkia wa mizimu katika sehemu ya pili ya baleti ya Giselle. Ni nafasi niliyoiota tangu nikiwa mtoto. Sasa nimeipata na badala ya kuifurahia nimekuwa mtumwa wa mambo ambayo nikiyataja kwa sauti naona haya. Ndiyo maana nakuandikia wewe usiyenijua sura.

Najua kila mcheza baleti ana vituko vyake kabla ya pazia kufunguliwa. Vyangu vilianza kidogo kidogo. Kiatu cha kushoto kwanza, halafu cha kulia. Kisha nagonga ncha za viatu sakafuni mara tatu. Halafu kuna kibanio cha nywele alichonipa mwalimu wangu wa kwanza alipostaafu, lazima kiwe cha mwisho kuingia kwenye fundo, upande wa kushoto. Nikifika pembeni mwa jukwaa naligusa pazia kwa kiganja. Na rafiki yangu mmoja lazima awe mtu wa mwisho kuniambia merde, neno letu wacheza baleti la kutakiana heri. Mwingine akitamka baada yake, namwita rafiki yangu arudie.

Kila nikicheza vizuri nakumbuka nilifanya nini siku hiyo, nakiongeza. Usiku mmoja niliyumba kwenye mzunguko, nikajiambia ni kwa sababu niligusa pazia kwa mkono wa kushoto. Tangu hapo naligusa kwa mikono yote miwili. Cha ajabu, kwenye darasa la asubuhi sifanyi hata kimoja na miguu inanitii vizuri tu.

Wiki iliyopita mambo yaliharibika. Nusu saa kabla ya onyesho kibanio hakikuonekana. Nilimwaga begi zima, nikapekua mpaka mifuko ya makoti ya wenzangu, nikawa natetemeka. Kikapatikana chini ya meza ya vipodozi, lakini muda wa kupasha misuli ulikuwa umekwisha. Niliingia na miguu baridi na nilicheza kama mbao. Mwalimu wa kundi aliniita pembeni akaniambia hilo lisitokee tena. Usiku huohuo kijana mmoja wa taa alipiga mluzi nyuma ya jukwaa, nikamfokea mbele ya watu kwamba analeta nuksi. Alinywea. Mpaka leo hanisalimii.

Mama anasema huu ni ushirikina mtupu, nimwombe Mungu niachane nao. Wenzangu wanasema nisijali, kila mtu anafanya. Na huyo rafiki wa merde anahama kundi mwisho wa mwezi, kabla hatujaanza ziara. Nikiwaza tu usiku wa kwanza bila yeye, tumbo linakuwa joto. Halafu juzi, Shangazi, nilikuwa natoka nyumbani, nikarudi kugusa kitasa cha mlango kwa mikono yote miwili, kama ninavyogusa pazia. Hilo ndilo lililonitisha hasa.

Niache vyote kwa mkupuo? Au nitafute mtu mwingine wa kuniambia merde?

Malkia Mwenye Hofu


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa Myrtha. Nimeshona na kurekebisha mavazi ya jukwaani miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua za watu, kwa hiyo umebisha mlango ninaoufahamu. Yule malkia anaingia peke yake, jukwaa tupu, shela usoni, akiambaa kwa vijihatua vidogo vya ncha kama vile hana miguu. Hakuna mwenzake wa kujifichia. Asiyepata hofu hapo sijawahi kumwona.

Vituko vyako si vigeni kwangu. Nimemvalisha mcheza ambaye hakukubali zipu ifungwe na mtu mwingine ila mimi. Nimemvalisha mwingine aliyekuwa na kipande cha gauni la bibi yake kimeshonewa ndani ya kiuno cha vazi, na kila vazi jipya likija kipande kinahamishwa. Walicheza vizuri, na siku nyingine walicheza vibaya, zipu ikiwa imefungwa na mimi na kipande kikiwa palepale kiunoni.

Watu wa jukwaani hawakuzitoa imani zao hewani. Hiyo merde yenu, ambayo kwa Kifaransa ni mavi hasa, wenyewe wanasimulia kwamba ilitokana na mabehewa ya farasi nje ya jumba la Opera la Paris: mavi yakijaa mlangoni, ujue watazamaji wamejaa ndani. Waigizaji wa tamthilia hutakiana heri kwa kuombeana kuvunjika mguu. Nyinyi mmeona hilo kwenu halifai, na sina la kubisha. Mluzi nao una maelezo yake. Inasemekana wavuta kamba za kupandisha na kuteremsha mandhari ya jukwaani zamani wengi walikuwa mabaharia, na waliitana kwa miluzi. Ukipiga mluzi wa bure, mtu anaweza kukuteremshia ukuta kichwani. Jukwaa lilikuwa mahali pa kufia kweli. Mwaka 1862 Emma Livry, nyota kijana wa Paris, sketi yake ilishika moto wa taa ya gesi wakiwa mazoezini, na mwaka uliofuata akafa kwa majeraha yale. Alikuwa amekataa sketi zilizotiwa dawa ya kuzuia moto kwa sababu zilikuwa zinapoteza weupe na wepesi. Mtu akifanya kazi mahali kama hapo akashika hirizi, simcheki.

Ila siku hizi anayeteremsha mandhari anasubiri ishara ya taa au sauti ya msimamizi masikioni mwake. Mluzi haumdondoshei mtu kitu. Nitarudi kwa huyo kijana.

Sasa tuzungumze kuhusu wewe. Kwenye barua yako kuna sentensi umeipita haraka, kwamba asubuhi darasani hufanyi hata kimoja na miguu inakutii. Nimeisoma mara mbili. Darasani unashika upau, unaanza na plie, kule kukunja magoti, unaenda mpaka kwenye mateke makubwa kwa mpangilio uleule uliouzoea tangu utotoni, na hakuna anayekulipia tikiti. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliliona jambo hilohilo kwa wavuvi wa visiwa vya Trobriand mwanzoni mwa karne iliyopita: kwenye maji ya ndani, yaliyotulia na yenye samaki wa uhakika, walivua kwa ujuzi wao tu. Walipotoka kwenda bahari kuu, ndipo matambiko yalipoanza. Miguu unayoingia nayo usiku ni ileile ya asubuhi. Kilichoongezeka ni mambo usiyoyatawala, na mikono inatafuta cha kushika.

Na kwa nini orodha inarefuka? B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1948 aliandika kuhusu njiwa wenye njaa aliowaweka kwenye vizimba. Chakula kilikuja kila baada ya muda uleule, njiwa afanye nini au asifanye nini. Wengi wao wakaanza vituko, kila mmoja na chake, wakirudia kile walichokuwa wakikifanya chakula kilipotokea. Mmoja akawa anazunguka kizimba kinyume cha saa, raundi mbili tatu, anangoja. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, maana nimewaona wengi wenu mkizunguka vilevile pembeni mwa jukwaa. Wewe nawe ulicheza vizuri kwa kuwa ulifanya mazoezi, na siku hiyo mkono wako ulikuwa umegusa pazia. Pazia likachukua sifa.

Lakini sitakuambia uache vyote kwa mkupuo. Mama yako atanuna, anisamehe. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2016 na Alison Wood Brooks wa Harvard pamoja na wenzake. Watu walitakiwa kuimba mbele ya mtu wasiyemjua. Baadhi walipewa kwanza kitu cha kufanya: chora unavyojisikia, nyunyizia chumvi juu ya karatasi, hesabu hadi tano kwa sauti, ikunje, itupe. Wengine walikaa kimya tu wakisubiri. Waliochora na kunyunyiza waliimba vizuri zaidi. Katika majaribio mengine ya utafiti huohuo, matendo yaleyale yalipoitwa tambiko yalituliza wasiwasi kuliko yalipoitwa vitendo vya ovyo tu.

Angalia hapo. Ile chumvi haikutoka kwa mwalimu aliyestaafu. Tambiko zima lilibuniwa na watafiti, likapewa watu wasiolijua, na bado likawasaidia. Maana yake unaweza kulibadilisha, kulifupisha, kutunga jingine, na likafanya kazi. Kibanio chako hakina kitu ndani yake ambacho kitu kingine hakina.

Kwa hiyo cha kufanya ni kuchambua. Na hapa nataka tukae kidogo kwenye viatu, maana ndiko kwenye dhahabu yako na hukuviona.

Wewe unajua, lakini wasomaji wangu wengi hawajui, kwamba kiatu cha ncha kikitoka kiwandani hakichezeki. Kile kichwa kigumu si mbao kama watu wanavyodhani, ni tabaka za kitambaa, karatasi na gundi iliyokauka. Mwenyewe unaukunja ubao wa ndani upinde pale unapopinda unyayo wako, si penginepo. Unakwangua satini ya ncha ili usiteleze. Unavipiga ukutani au kwenye ngazi ya saruji mpaka vinyamaze, kwa sababu malkia wa mizimu akiingia anagonga ko! ko! ko! kama farasi hakuna atakayeogopa. Unashona tepe, wengi wenu kwa uzi wa kusafishia meno kwa kuwa haukatiki, unachoma miisho yake kwa kiberiti isifumuke, na kabla ya kuingia unapitisha mishono miwili juu ya fundo ili lisichomoke. Kisha unakanyaga ule ulimbo mkavu uliosagwa. Na kazi yote hiyo, mtu mwenye nafasi kubwa anaweza kuimaliza kwa usiku mmoja. Jasho na joto vinalainisha gundi, kiatu kinakufa.

Halafu kuna hili: viatu hivyo kwa kawaida hutengenezwa bila kulia wala kushoto. Ni wewe unayevijaribu ukaamua hiki kitakuwa cha kushoto, ukakitia alama. Kwa hiyo kiatu chako cha kushoto, unachokiogopa namna hiyo, wewe ndiye uliyekifanya kuwa cha kushoto.

Kushona, kukwangua, kukunja, kufunga kwa mpangilio uleule: hayo yabaki yote, na kama unataka kuyaita tambiko, yaite. Mikono inatulia, akili inatulia, na kiatu kinafungwa sawasawa. Kuanza na mguu wa kushoto pia hakuna ubaya, ilimradi siku ukianza na wa kulia usivue ukaanza upya. Kugonga mara tatu sikulaumu, umbo la kiatu linakaa vizuri mguuni. Nina wasiwasi na yale yanayotegemea kitu kinachoweza kupotea, au mtu anayeweza kuhama, au yanayokula muda wa kupasha misuli. Kwako hayo ni kibanio, rafiki na pazia.

Anza na pazia, ndilo rahisi. Mazoezi yajayo ya jukwaani, lipite bila kuligusa. Hofu itapanda, nakuambia mapema usije ukashtuka. Usiitulize kwa kugusa kitu kingine badala yake, wala kwa kuhesabu kimoyomoyo, huo ni ujanja wa kuirudisha kupitia dirishani. Endelea kunyoosha vifundo, acha ipande, utaona inashuka yenyewe. Rudia mpaka ikuchoshe. Ukishalizoea, njoo kwenye kibanio: kiache ndani ya begi kwenye zoezi moja zima la mavazi, halafu kwenye onyesho moja. Sisemi ukitupe, ni zawadi ya mwalimu wako. Ila mshona nguo ndani yangu anakukumbusha kwamba kibanio cha zamani kilicholegea kikidondoka sakafuni, anayekuja nyuma yako kwa ncha za vidole anaweza kukikanyaga, na hilo halihitaji nuksi kumvunja mtu. Usijaribu lolote kati ya haya kwa mara ya kwanza usiku wa ufunguzi wa ziara.

Rafiki yako usimtafutie mrithi. Mwombe, kwa muda uliobaki, akuambie merde mapema, mkiwa bado mnapaka vipodozi, kisha waache na wengine waseme. Siku ya kwanza utatamani kumwita arudie. Usimwite. Akiondoka akiwa ameshakuzoesha hivyo, atakuwa amekusaidia kuliko kukutamkia kila usiku. Akitaka kukutumia ujumbe wa simu huko aendako, sawa, lakini usiingoje simu ndipo uingie.

Muda utakaookoa utie kwenye miguu. Myrtha anangoja pembeni, na misuli ya nyuma ya mguu iliyopoa haiwezi kubeba vile vijihatua. Uliingia baridi wiki ile na umeona matokeo yake. Nusu saa ikishatangazwa, panga kila kitu kitangulie: nywele, viatu, mishono. Dakika za mwisho ziwe za kupanda na kushuka kwa vidole, kupumua, na kuipitia akilini ile njia yako ya kuvuka jukwaa. Msimamizi akishaita wa kwanza kuingia, kila tambiko limefungwa, hata lile ambalo halijakamilika. Hasa lile ambalo halijakamilika.

Kuhusu mama: dua yako na Mungu wako ni yenu wawili, omba ukitaka. Usiichukue tu ukaiweka kwenye orodha ileile, kwamba ukikosea neno moja unarudia tangu mwanzo. Ukifanya hivyo hata yeye mama hatafurahi.

Sasa kitasa cha mlango. Uliogopa, na uliogopa kwa haki. Vituko vya jukwaani vinavyobaki jukwaani ni jambo moja, vikikufuata nyumbani ni jambo jingine. Kuna ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia, na mimi si daktari wa kukupima kwa barua. Lakini ukiona matendo haya yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanahamia kwenye milango, swichi na maji ya kunawa, au kuna sauti ndani inayosema usipofanya mtu wako ataumia, usingoje msimu uishe. Tafuta mtaalamu wa saikolojia na umwambie yote, hata ya aibu. Tiba ipo na imethibitishwa: mtu anasaidiwa kukutana na hofu yake hatua kwa hatua bila kufanya lile tendo la kuituliza. Unaona inafanana na ninachokuambia kuhusu pazia, tofauti ni kwamba unakuwa na mtu aliyesomea. Mwambie na mwalimu wa kundi, kwa kifupi, kwamba unalishughulikia. Yeye alichokiona ni mcheza aliyechelewa kupasha misuli, na hilo kwake ni uzembe mpaka umweleze.

Amebaki yule kijana wa taa. Ulimfokea mbele ya watu, basi na radhi umwombe mbele ya watu, si kwa kumvuta pembeni. Fanya hivyo kabla ya ziara. Mtakuwa basi moja, na yeye ndiye atakayekumulika unapoingia.